Sarojini Naidu: Mshairi, Mgeni na Mwenyeji

Ni desturi njema, jamaa wanapokutana siku ya sherehe, kuwataja wazee waliotangulia. Nasi tunapoadhimisha mwaka mwingine wa hekalu letu, tumeona vema kumkumbuka Shrimati Sarojini Naidu, mshairi na mpigania uhuru wa India. Jina lake linafahamika kwa wengi. Lakini safari yake ya kuja Afrika Mashariki haisimuliwi mara nyingi. Hatumkumbuki kwa ukuu alioupata Bara Hindi peke yake. Tunamkumbuka kwa kuwa alisimama mbele ya babu zetu katika pwani hii, akazungumza nao juu ya jambo ambalo sisi wakazi wa Mchafukoge tunalo hata leo: aliyevuka bahari akajenga ng'ambo, kwao ni wapi?

Sarojini Chattopadhyay alizaliwa tarehe 13 Februari 1879 katika mji wa Hyderabad. Wazazi wake walikuwa Wabengali wa ukoo wa Brahmin, nao walikuwa wameiacha nchi yao ya asili upande wa mashariki. Baba yake, Aghorenath Chattopadhyay, alisomea sayansi Edinburgh hadi kupata shahada ya udaktari, kisha akawa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Nizam. Mama yake, Barada Sundari Devi, alitunga mashairi kwa Kibengali. Mtawala wa Hyderabad alikuwa Mwislamu, na raia zake wengi walikuwa Wahindu. Kiurdu kilitawala barazani, Kitelugu kilisikika kila upande, na nyumbani kwa Sarojini watoto walisemeshwa Kihindustani. Hivyo, kabla ya kuvuka bahari yoyote, binti huyu alikuwa tayari ameonja maisha ya ugenini: asili yake kwingine, mapenzi yake hapo alipozaliwa.

Kiingereza alikikataa. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, baba yake alimfungia chumbani peke yake kutwa nzima kwa sababu ya ukaidi huo. Nayo ilikuwa adhabu pekee aliyowahi kupewa na mzazi huyo. Alipotoka, alianza kukisema, na tangu siku hiyo hakuzungumza na baba yake kwa lugha nyingine, ingawa mama aliendelea kumsemesha Kihindustani. Wasomaji wetu wengi watalitambua jambo hili bila kuelezwa, maana nasi tuna Kigujarati cha bibi, Kiswahili cha dukani na mtaani, na Kiingereza cha darasani. Tunajua pia kwamba kila lugha anayopewa mtoto humfungulia mlango mmoja na kumwachia jukumu la kutosahau mingine.

Baba alitamani bintiye awe mtaalamu wa hisabati. Siku moja, akiwa na miaka 11, hesabu ya aljebra ilimshinda. Badala ya jibu likamjia shairi. Alipofika miaka 12 alifaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Madras, jambo lililomletea sifa nchi nzima. Mwaka 1895 alikwenda Uingereza kwa msaada wa masomo kutoka kwa Nizam, akasoma King's College, London, na baadaye Girton, Cambridge.

Huko ndiko alikopata somo kubwa la maisha yake ya ushairi. Alimpelekea mhakiki Edmund Gosse mashairi aliyoyatunga kwa ustadi wa Kiingereza, yamejaa ndege na mashamba ya Uingereza. Gosse alimshauri ayaweke kando, kwa kuwa hayakuwa na chochote cha mahali alipotoka, akamtaka aandike juu ya nchi yake na watu wake. Sarojini alikubali. Lakini ushauri huo ulikuwa na mtego wake. Mwingereza alimtaka awe Mhindi, na zaidi awe Mhindi wa namna ambayo Mwingereza angependa kumsoma. Kati ya kuiga wageni na kujipamba kwa ajili yao, mshairi mchanga alipaswa kuitafuta sauti iliyo yake.

Alirudi nyumbani mwaka 1898, na mwezi Desemba akaolewa na Dakta Govindarajulu Naidu, mtu asiyekuwa Mbrahmin wala Mbengali. Ndoa ya kuvuka tabaka na kabila ilikuwa jambo zito nyakati hizo. Wazazi wake waliibariki. Mwaka 1905 kikatoka kitabu chake cha kwanza, The Golden Threshold, yaani Kizingiti cha Dhahabu. Vikafuata The Bird of Time mwaka 1912 na The Broken Wing mwaka 1917. Ndani yake mna wafumaji wa nguo, wavuvi wa Coromandel, wauza bangili na wachukuzi wa machela, pamoja na soko la Hyderabad na bidhaa zake. Mtu wa mitaa yetu, aliyelelewa kati ya majora ya vitambaa, dhahabu na viungo, hatapata shida kuijua dunia hiyo. Watu wakampa jina la Bulbuli wa India kwa utamu wa maneno yake. Wahakiki wa baadaye waliona utamu huo umezidi, na kwamba India yake ina mapambo mengi kuliko jasho. Hukumu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, yeye mwenyewe alitoka katika ushairi akaingia mahali penye jasho: baada ya 1917 hakutoa diwani nyingine mpya uhaini mwake.

Mwaka 1914 alikutana na Mohandas Gandhi mjini London, na kuanzia hapo maisha yao ya kazi yaliambatana. Mwaka 1917 alipaza sauti kupinga mikataba ya vibarua waliokuwa wakipelekwa ng'ambo kutoka India katika hali iliyokaribia utumwa. Alihimiza pia umoja wa Wahindu na Waislamu, akaandika utangulizi wa kitabu cha hotuba za Mohamed Ali Jinnah zama ambazo Jinnah alikuwa bado akisifiwa kama mjumbe wa umoja huo. Kwake, dini ya jirani haikuwa ukuta.

Ndipo ikafika zamu yetu. Afrika Mashariki ya miaka hiyo ilikuwa na uchungu mwingi kwa Wahindi. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika yatatangulia. Lakini nyanda za juu zikabaki mikononi mwa walowezi Wazungu, na Wahindi wakanyimwa usawa waliouomba katika uchaguzi. Mwaka huohuo, hapa Tanganyika, wafanyabiashara wa Kihindi walifunga maduka kwa wiki kadhaa kupinga sheria mpya za leseni na kodi ya faida. Miongoni mwa manung'uniko yao lilikuwamo sharti kwamba vitabu vya hesabu visiandikwe kwa Kigujarati. Lugha ya daftari la duka ikawa suala la utu.

Mwezi Januari 1924 Sarojini Naidu aliwasili Mombasa akitumwa na Chama cha Congress cha India, akauongoza mkutano wa Congress ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Aliwatia moyo wasikubali kudhalilishwa. Aliwakumbusha ukale wa safari za mababu zao katika bahari hii, akadai kwamba kwa historia hiyo nchi hizi zilikuwa mahali halali pa Wahindi kuhamia na kustawi kama koloni lao. Lakini katika mkutano huohuo aliwakumbusha pia kuwa ni wageni wa watu weusi, na kwamba wana wajibu kwa wenyeji wao.

Tukimheshimu, tuseme kweli: maneno hayo mawili hayakai chungu kimoja. La kwanza lilikuwa mwangwi wa fikra za enzi ya ukoloni, na baadhi ya Wahindi walikwisha kutamani Tanganyika yenyewe iwe koloni la India. Kuwahi kutia nanga si kuimiliki bandari, na wenye nchi hawakuulizwa. La pili ndilo lililobaki hai. Mgeni anayetambua kwamba ni mgeni huanza kuuliza ametoa nini, si amedai nini tu.

Swali hilo lilikuwa na mipaka inayoonekana kwa macho hapa kwetu. Serikali ya kikoloni iliugawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na upande wa Waafrika, Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi. Kutoka Mombasa Sarojini aliendelea hadi Afrika Kusini, ambako alipinga mswada wa kuwatenga Wahindi katika maeneo yao ya kukaa na kufanyia biashara. Aliyeumizwa na mstari uliochorwa ardhini hana budi kuuona pia ule unaomfaa yeye. Huo ndio mtihani ambao jamii yetu ilikabidhiwa.

Maisha yake yaliyosalia yalikuwa ya mapambano. Mwaka 1925 huko Kanpur alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kihindi kuwa rais wa Congress ya India. Mwaka 1930, Gandhi alipokamatwa, aliongoza waandamanaji kwenye mashamba ya chumvi ya Dharasana, naye akatiwa gerezani. Mwaka 1942 alifungwa tena pamoja na Gandhi katika kasri la Aga Khan mjini Pune. India ilipopata uhuru mwaka 1947 aliteuliwa kuwa gavana wa United Provinces, mwanamke wa kwanza wa taifa hilo kushika cheo hicho. Alifariki Lucknow tarehe 2 Machi 1949, akiwa bado kazini.

Hakuiona Tanganyika huru. Mwezi Oktoba 1961, Bunge la nchi hii lilipojadili sheria ya uraia, walikuwapo waliotaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere alikataa katakata, hata akawa tayari kujiuzulu. Familia nyingi za mitaa hii zilichagua uraia wakati huo; nyingine zilisita, nyingine ziliondoka. Waliobaki walijifunza maana ya methali ya wenyeji wetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe halikuwa tusi. Lilikuwa mwaliko wa kuacha ugeni.

Siku ya Diwali tunakipamba kizingiti cha nyumba kwa rangoli, nasi hatukipambi kwa ajili ya walio ndani peke yao. Jirani apitaye, wa dini yoyote, hukiona na kukaribishwa. Sarojini Naidu alikiita kitabu chake cha kwanza kwa jina la kizingiti, na maisha yake yote aliyaishi hapo: kati ya lugha na lugha, dini na dini, pwani na pwani. Vijana wetu wanaotunga leo, kwa Kigujarati, Kiingereza au Kiswahili, wasione haya kusimama mahali hapo. Waandike juu ya Mchafukoge kwa jina lake, bila kuiga wengine na bila kujipamba kwa ajili ya wengine. Na hekalu hili, katika miaka ijayo, milango yake iendelee kuwa wazi kwa mtaa uliolilea.