Safari za Sayyid Barghash

Shule inapofungwa, watoto wa Mhezi hutawanyika. Wengine hushuka mlima mpaka Same kuwaona ndugu zao. Wengine huvuka vilima kwenda kwa mjomba au kwa bibi. Wengine hubaki nyumbani wakapumzika na kuwasaidia wazazi shambani. Aliyechoka hutafuta utulivu, mgonjwa hutafuta hewa njema, na apendaye kujua hutafuta nchi asiyopata kuiona. Kila mmoja huchagua safari imfaayo.

Hapo zamani palikuwa na mtawala mmoja wa pwani aliyezijua safari za namna hizo zote. Jina lake ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Katika siku za utawala wake misafara ya pwani ilitoka Pangani, ikapita nyikani chini ya milima ya Upare, ikaenda mpaka Kilimanjaro kutafuta pembe za ndovu.

Barghash alizaliwa karibu na mwaka 1837. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, ambaye alihamisha makao yake kutoka Maskati hata Unguja, akawahimiza watu wapande mikarafuu. Mwaka 1856 Sayyid Said alikuwa baharini akirudi Unguja kutoka Omani, naye Barghash alikuwa pamoja naye chomboni. Njiani mzee akaugua, akafa kabla ya kuiona nchi kavu. Basi kijana huyo alijifunza mapema kwamba si kila aondokaye hufika, hata akiwa mfalme.

Baada ya msiba huo ndugu hawakupatana. Ufalme ulikwenda kwa Majid, lakini Barghash aliutaka kwa nafsi yake. Mwaka 1859 akakusanya watu wake, akajifungia katika nyumba ya shamba huko Machui. Majid akasaidiwa na Waingereza, na Barghash akashindwa. Wakamtia katika merikebu, wakampeleka Bombay katika Bara Hindi, akakaa huko muda wa miaka kama miwili. Safari hii hakuichagua; ilikuwa adhabu. Lakini macho yake hayakufungwa. Aliona mji mkubwa wenye barabara, na merikebu za moshi zikiingia na kutoka bandarini. Aliporudi Unguja alikaa kimya, akingoja.

Majid akafa mwaka 1870, na Barghash akatawala mahali pake. Alianza na shida nyingi. Ugonjwa wa kipindupindu ulikuwa umeua maelfu ya watu kisiwani mwaka 1869 na 1870. Kisha, mwezi wa Aprili mwaka 1872, ikavuma tufani kubwa, ikang'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni, Waingereza wakamlazimisha kutia sahihi mkataba wa kuufunga mnada wa watumwa na kukataza watumwa wasichukuliwe baharini. Mapema katika utawala wake alikwenda pia Makka kuhiji. Hiyo ilikuwa safari ya ibada, ambayo msafiri haendi kutafuta starehe.

Mwaka 1875 akafanya safari iliyo mashuhuri kuliko zote. Waingereza walimwalika nchini kwao, naye akakubali. Akaondoka na wakubwa wake pamoja na balozi wa Kiingereza, John Kirk, akapita mfereji wa Suez, ambao ulikuwa umefunguliwa miaka sita tu kabla yake. Mwezi wa Juni akafika London, akakaa Uingereza zaidi ya mwezi mmoja. Alipokewa na Malkia Victoria katika jumba lake la Windsor. Aliona jumba kubwa la vioo, na askari wakifanya mazoezi, na mashindano ya farasi. Alipanda gari la moshi mpaka miji ya viwanda, kama Liverpool na Manchester, akatazama jinsi nguo zinavyofumwa kwa mitambo. Tena alikwenda Brighton, mji ulio ufukoni, ambako watu wa London huenda kupumzika na kupunga hewa ya bahari.

Katika safari hiyo karani wake, Zahir bin Said, aliandika habari za yote waliyoyaona, na kitabu hicho cha Kiarabu kikapigwa chapa London mwaka 1878. Basi hata wale waliobaki nyumbani waliweza kusafiri pamoja na Sultani kwa njia ya kusoma. Kutoka Uingereza akapita Paris, kisha Misri, ambako alipokewa kwa heshima.

Lakini heshima ya wageni si ngao. Kabla ya mwaka huo kwisha, askari wa Misri walishuka pwani ya Wasomali, wakaitwaa miji yake ya Barawa na Kismayu. Hawakuondoka mpaka Waingereza walipowashurutisha. Ndipo Barghash alipoona kwamba karamu ni jambo moja na urafiki ni jambo jingine.

Hata hivyo aliyoyaona ng'ambo hayakupotea. Wapare wanajua thamani ya maji, kwa maana wazee wao walijenga ndiva za kuyakusanya na kuchimba mifereji ya kuyashusha mashambani, kila ukoo ukipata zamu yake. Barghash naye aliangalia mji wake, akaona watu wakiteka maji ya visima vichafu. Akaamuru mabomba yatandazwe kutoka chemchemi iliyo nje ya mji, na maji safi yakafika mjini, watu wakayateka bure. Akajenga hamamu, yaani nyumba ya kuogea, mahali ambapo mpaka leo panaitwa Hamamni, ili watu wa mji nao wapate kuoga na kuburudika. Akanunua merikebu za moshi za kusafirisha abiria na bidhaa. Akaleta pia mtambo wa kupiga chapa vitabu. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba refu lenye roshani pande zote, nalo likawa ajabu kwa kila aliyeingia bandarini.

Sultani hakuwa mtu wa kusafiri mbali daima. Alijua pia pumziko la karibu. Alikuwa na majumba nje ya mji, huko Chukwani, na Chuini, na Maruhubi, karibu na bahari. Alipochoshwa na mashauri ya mjini aliondoka na jamaa zake, akakaa huko siku kadhaa penye upepo na kivuli cha miembe. Jumba la Maruhubi liliteketea kwa moto mwaka 1899, na zikabaki nguzo zake.

Lakini yafaa kukumbuka ni nani waliolipa gharama ya pumziko hilo. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na watumwa wengi walitoka bara, wakatembea miezi mingi wakiwa wamefungwa. Wao nao walisafiri, wakaona bahari ambayo hawakuijua. Lakini hakuna aliyewauliza kama walipenda kwenda, wala hawakuwa na siku ya kurudi kwao. Utumwa ulidumu Unguja muda wote wa maisha ya Barghash, na sheria haikuukomesha mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo kuchagua safari ni neema kubwa, na wengi katika siku zile walinyimwa neema hiyo.

Miaka ya mwisho ya Sultani ilikuwa ya huzuni. Mwaka 1885 Wadachi walidai nchi za bara, na merikebu zao za vita zikaja mbele ya Unguja kumtisha. Mwaka 1886 Wadachi na Waingereza wakapatana wao kwa wao, wakamwachia visiwa, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na miji michache ya kaskazini. Nchi ya Upare na Kilimanjaro ikawekwa upande wa Wadachi, na wenyeji hawakuulizwa neno.

Sasa Barghash alikuwa mgonjwa, na nguvu zake zilikuwa zimepungua. Mapema mwaka 1888 akaazimia kusafiri tena, mara hii kubadili hewa ili apate afya. Hakuchagua London wala Paris. Alichagua Omani, nchi ya wazee wake. Lakini afya haikurudi. Merikebu ikageuza njia kuelekea Unguja, na wenziwe walihofu kwamba atakufa baharini kama baba yake. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Machi alifika nyumbani yungali hai; lakini muda mfupi tu baada ya kushuka pwani akafariki, naye alikuwa na umri wa miaka kama hamsini na mmoja.

Hizo ndizo safari za Sayyid Barghash: moja ya adhabu, moja ya ibada, moja ya kutazama, nyingine nyingi fupi za kupumzika, na ya mwisho ya kutafuta afya. Karamu alizokula Ulaya zilisahauliwa upesi. Majumba yake ya starehe mengi yamekuwa magofu. Kilichowafaa watu wake ni maji yaliyoingia mjini. Mwanamke wa Unguja aliyejaza mtungi wake kwa maji safi hakupata kuiona Bombay wala London, lakini yeye naye alipata sehemu yake katika safari ile.

Basi shule itakapofungwa, mtoto wa Mhezi na achague vema mahali pa kwenda, kama ni Same, au pwani, au kwa bibi yake ng'ambo ya kilima. Na atakaporudi, jamaa waliobaki nyumbani watamngoja mlangoni, nao watatazama amewaletea nini.