Henry Ford na hesabu ya bei nafuu

Wafanyabiashara wengi hudhani kuwa anayeuza vingi ndiye anayefaidi zaidi. Wengine huamini kuwa faida i katika vitu ghali. Maisha ya Henry Ford yaonyesha kwamba jambo hili si jepesi hivyo.

Ford alizaliwa mwaka wa 1863 shambani Michigan, Marekani. Mwaka wa 1903 alianzisha kampuni ya magari pamoja na wenzake, na punde mzozo ukazuka. Mshirika wake Alexander Malcomson, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, alitaka waundie matajiri magari ya fahari, yenye faida nono kila moja. Ford alishikilia gari la mtu wa kawaida. Mwaka wa 1906 Malcomson aliuza hisa zake, akaenda zake.

Gari la Model T lilitoka mwaka wa 1908, likiuzwa takribani dola 850. Mwaka wa 1913 Ford alianza kuyasogeza magari mbele ya wafanyakazi badala ya wao kuyafuata, na kazi ya zaidi ya saa 12 ikaisha kwa saa moja na nusu hivi. Gharama ilipopungua, naye alipunguza bei. Kufikia mwaka wa 1925 gari la bei ya chini kabisa lilikuwa dola 260. Faida ya kila gari ilikuwa ndogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Ford akawa tajiri mkubwa.

Hata hivyo, wingi ulimlevya. Mapema katika miaka ya 1920 alikuwa akiuza karibu nusu ya magari yote Marekani, wala hakuona haja ya kubadilika. General Motors, chini ya Alfred Sloan, ikaunda gari kwa kila kipato, toka Chevrolet hadi Cadillac, na kukopesha wanunuzi. Aliyeanza na gari la Ford akahamia huko mfuko wake uliponona. Mwaka wa 1927, baada ya magari milioni 15, Model T ilikomeshwa. Ford alipofariki mwaka wa 1947, kampuni yake ilikuwa nyuma ya General Motors.

Hali ni iyo hiyo katika simu za kisasa. Za bei nafuu ndizo zilizojaa madukani mwetu, ilhali Apple, isiyouza hata robo ya simu hizo duniani, huvuna sehemu kubwa ya faida. Muuzaji wa rahisi hakukosea njia. Ila ajiulize: je, gharama yake yashuka kuliko bei yake? Na mteja wake akipata fedha zaidi, atanunua kwa nani?