Momsen, jamaa aliyekataa nyambizi iwe kaburi

Septemba 1925, nyambizi S-51 ya Marekani iligongwa na meli usiku, ikazama na watu 33 wakafa. Charles Momsen, kamanda wa nyambizi nyingine, alitumwa kuitafuta. Alichokuta ni mafuta na mapovu tu juu ya maji. Enzi hizo ukizama, basi. Hakukuwa na njia ya kukutoa.

Momsen, mzaliwa wa New York mwaka 1896, hakuwa mtu wa kukata tamaa. Chuo cha wanamaji kilimtema mwaka wa kwanza, akaomba tena hadi akafuzu.

Alichora chumba cha chuma chenye umbo la kengele, cha kushushwa hadi kwenye mlango wa nyambizi. Wakubwa wakasema hakiwezekani. Desemba 1927 S-4 ikazama. Mabaharia 6 waligonga chuma wakiomba msaada, wapi! Wote 40 walikufa.

Hapo Momsen akatengeneza mfuko wa kupumulia majini na kuujaribu yeye mwenyewe. Kile chumba nacho kikaundwa, kikamaliziwa na mwenzake Allan McCann na kupewa jina la huyo McCann. Momsen hakusimamisha kazi kwa sababu ya jina.

Mei 23, 1939, Squalus ilizama mita 70 na ushee karibu na Portsmouth, New Hampshire, baada ya vali ya hewa kukosa kufunga. Watu 26 walikufa maji. Wengine 33 walibaki gizani, kwenye baridi kali. Momsen aliongoza wapiga mbizi, na chumba kikashuka mara 4. Safari ya mwisho waya ulianza kukatika nyuzi, ikabidi wakivute kwa mikono, polepole. Wote 33 wakatoka hai.

Kazi haikuishia hapo. Wapiga mbizi wake, wakipumua mchanganyiko wa heliamu na oksijeni, walifunga matangi ya hewa ya kuinua nyambizi. Julai pua yake ilichomoka majini, kisha ikazama tena. Wakaanza upya. Septemba 13 ikafika bandarini.

Ilikarabatiwa, ikaitwa Sailfish, ikapigana Vita vya Pili vya Dunia na kuzamisha meli ya Japani ya kubeba ndege, Chuyo, mwaka 1943.

Momsen alifariki 1967. Wazo lililokataliwa ndilo lililowatoa watu 33 chini ya bahari.