Munganga Trowell: mishipa ya moyo si urithi peke yake

Huko Uvira, baba akifa kwa moyo, mara nyingi jamaa husema ni ugonjwa wa ukoo. Munganga Hugh Trowell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1904, alitumika Kenya tangu 1929, kisha Mulago, Uganda. Kwa miaka mingi karibu hakuona Mwafrika mwenye mishipa ya moyo iliyokuwa migumu. Wako waliodhani damu yao inawakinga. Mwaka wa 1956, yeye na mwenzake walitangaza mgonjwa wa kwanza. Damu ya watu haikubadilika. Chakula na maisha vilibadilika. Trowell alikufa mwaka wa 1989. Urithi upo: mtoto wa aliyeugua mapema apimwe tansio. Lakini urithi si hukumu.