Jim Corbett: Mwindaji Aliyewatetea Wala Watu

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Nyeri, fikira huenda kwenye baridi na kahawa. Mimi kila nifikapo Skuta kwa rafiki yangu, hushuka mjini hadi makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Hapo kalazwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na wageni humwendea yeye. Mimi humwendea jirani yake, Jim Corbett.

Corbett alizaliwa Nainital, kaskazini ya India, mwaka 1875. Alifanya kazi ya reli, lakini jina alilipata kwa bunduki. Mwaka 1907 aliitwa Champawat. Huko chui milia jike alikwisha kuua watu 436, Nepal na India, na wanakijiji walikuwa wamejifungia majumbani. Corbett akamfuata kwa miguu, akamwua. Mwaka 1926 akamwua chui wa Rudraprayag, aliyemaliza watu 125 katika njia ya mahujaji wa Kihindu.

Mtu kama huyo, msomaji, ungetazamia awalaani wanyama hao. Wapi! Alipomfungua kinywa yule jike wa Champawat, aliona meno mawili ya upande wa kulia yamevunjwa na risasi ya zamani. Mnyama hakuweza tena kukamata windo lake la asili. Binadamu ndiye aliyemlemaza, kisha binadamu akalipa. Hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1944 juu ya wala watu wa Kumaon.

Niliposoma hoja hiyo nilimkumbuka mbwa mwitu wa kisa cha Nabii Yusuf, alayhi salaam, tuliyemsoma chuoni. Ndugu walileta kanzu yenye damu ya uongo, na mnyama asiyejua lolote akatwikwa lawama. Wazungu waliwamaliza mbwa mwitu wote wa Uingereza. Hapa Afrika nako, mbwa mwitu wetu walipigwa risasi miaka mingi na maofisa wa wanyama wenyewe, wakihesabiwa waharibifu.

Hata hivyo, mama aliyenyang'anywa mwanawe haulizi kama mnyama alikuwa na jino bovu. Corbett alilijua hilo, ndiyo maana alikwenda kila alipoitwa. Wa mwisho alimwua mwaka 1938, naye ana miaka 63. Wala simfanyi walii: mwaka 1930 alilipiga risasi dume la Powalgarh, lisilokula mtu, kwa fahari tu ya uwindaji. Baadaye kamera ilimpendeza kuliko bunduki, na mwaka 1936 alisaidia kuanzishwa kwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini India.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye na dada yake Maggie walihamia Nyeri, wakakaa katika nyumba ndogo ya Paxtu, iliyokuwa ya Baden-Powell. Februari 1952 alikuwako Treetops usiku ule Elizabeth alipokuwa malkia pasipo kujua. Alifariki Aprili 1955. Baadaye, serikali ya India huru iliipa hifadhi ile jina la Corbett.