Paul Bomani: Aliyewafundisha wakulima wa pamba kushika mizani yao

Ukizungumzia pamba ya Kanda ya Ziwa, huwezi kuliacha jina la Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, katika Mkoa wa Mara wa sasa, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato.

Baada ya kufanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, mwaka 1947 alianza kazi katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Huko aliuona ushirika kwa macho yake: watu wenye mitaji midogo wakiunganisha nguvu.

Wakati huo mkulima wa Usukuma alilima pamba, lakini mizani haikuwa yake. Alibeba mzigo hadi sokoni, mnunuzi akapima na kutaja uzito, na malipo yakafuata neno lake. Asiyejua kuisoma mizani hakuwa na la kubisha. Bomani alizunguka vijijini akiwahimiza wakulima waache kuuza mmoja mmoja, waunde vyama vyao na wasimamie wenyewe upimaji.

Alikwenda Uingereza kusomea ushirika katika Chuo cha Loughborough. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana na kuunda shirikisho la VFCU, naye akawa meneja mkuu. Katika muda mfupi VFCU ikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, ikinunua pamba na kumiliki vinu vya kuchambulia.

Mwaka 1960 aliteuliwa kuwa Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 Waziri wa Fedha. Lakini katika uchaguzi wa mwaka 1965 wapiga kura hawakumrudisha bungeni, ingawa Mwalimu Nyerere alimbakiza serikalini. VFCU nayo ilikuwa imekua haraka, gharama zikapanda, na wakulima wakaanza kulalamika kwamba makato yanamaliza malipo yao. Serikali iliingilia kati, na mwishoni mwa miaka ya 1960 nafasi yake ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Bomani alikuwa balozi nchini Marekani kuanzia mwaka 1972 hadi 1983, na baadaye Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia mwaka 2005.

Maisha yake yanawaachia wanaushirika funzo moja: chama hakimkomboi mkulima kwa ukubwa wake. Humkomboa pale mwanachama anapoweza kuuona uzito wa mzigo wake, kuyajua makato na kumuuliza kiongozi wake.