Duke Ellington na muziki wa kesi ya mauaji

Wanachuo wenzangu, mambo ya kazi za vikundi tunayajua wote. Kwenye jalada majina sita, maktaba wamekesha wawili, na siku ya kuwasilisha anasimama mwenye suti. Leo nawaletea maisha ya mzee mmoja wa jazi aliyeishi na jambo hilo karibu miaka 30. Mwenye suti alikuwa yeye.

Edward Kennedy Ellington alizaliwa Washington, Marekani, tarehe 29 Aprili 1899. Baba yake alikuwa mtumishi wa nyumbani, na wazazi wote wawili walipiga piano. Kijana alipenda unadhifu tangu mdogo, ndiyo maana wenzake wakambandika jina la Duke, yaani mwinyi. Alijua pia kuchora, hata akapewa nafasi ya kusomea sanaa New York, lakini akaiacha. Muziki ulikuwa umeshamkamata.

Desemba 1927 bendi yake ikapata kazi Cotton Club, mtaa wa Harlem. Mahali penyewe palikuwa na vituko: jukwaani Weusi, mezani Weupe watupu. Mweusi aliruhusiwa kupiga muziki, si kukaa kuusikiliza. Hata hivyo redio ilirusha muziki kutoka humo humo, na jina la Duke likaenea nchi nzima.

Mwisho wa 1938, mjini Pittsburgh, akakutana na kijana mpole, Billy Strayhorn, na mwaka uliofuata wakaanza kufanya kazi pamoja. Strayhorn ndiye aliyetunga Take the A Train, uliokuja kuwa wimbo wa utambulisho wa bendi. Mpaka leo wapo wanaodhani ni wa Duke.

Sasa tuje 1959. Otto Preminger anatengeneza Anatomy of a Murder, filamu ya mahakamani. Mwanajeshi amemuua mwenye baa kwa madai kwamba alimbaka mkewe. Wakili wake, anayeigizwa na James Stewart, ni mpenzi wa piano ya jazi. Siku hizo Hollywood ilizoea okestra za fidla, na Mweusi kukabidhiwa muziki wa filamu kubwa nzima lilikuwa jambo adimu sana. Duke akaitwa Michigan, filamu ilikopigwa, na Strayhorn akaenda naye. Duke mwenyewe anaonekana kidogo, amekaa na Stewart kwenye piano moja.

Muziki wenyewe si mchezo. Tarumbeta zinanguruma mwanzoni kama watu wanaogombana. Saksafoni ya Johnny Hodges inamfuata mke wa mshtakiwa kwa madaha, hata unaanza kujiuliza umwamini au usimwamini. Filamu nayo haikujibu. Albamu ile ilizoa tuzo tatu za Grammy mwaka huo huo.

Kwenye filamu imeandikwa kwamba muziki ni wa Duke Ellington, basi. Sehemu kubwa aliyofanya Strayhorn ilikuja kujulikana vizuri baadaye, watafiti walipokagua miswada ya mkono.

Tusimhukumu haraka, kwani naye alinyimwa haki yake. Mwaka 1965 waamuzi wa muziki wa tuzo ya Pulitzer walipendekeza apewe heshima maalumu. Bodi ikakataa, na wawili kati ya waamuzi hao wakajiuzulu. Heshima hiyo ilikuja 1999, yeye akiwa kaburini miaka 25, maana alifariki tarehe 24 Mei 1974.

Strayhorn alimtangulia, alifariki kwa saratani Mei 1967. Mwaka huo huo Duke aliingia studio na bendi, wakarekodi albamu nzima ya tungo za rafiki yake. Safari hii hapakuwa na utata kazi ni ya nani, ila mwenyewe hakuwepo kuisikia.

Hapo ndipo palinichoma. Muhula uliopita nilisimama mbele ya darasa nikapigiwa makofi kwa kazi ambayo nusu yake aliifanya mwenzangu niliyepanga naye chumba. Hakusema kitu, nami nikanyamaza. Juzi nilikwenda kwa mhadhiri nikamweleza ukweli. Alama hazikubadilika, lakini jina la mwenzangu sasa liko juu ya langu, naye yupo hai kuliona.